Mama Mkwe Ajifunza Kutembea Tena

Mama mkwe alipopatwa na kiharusi nyumbani Butiama, sisi wake za wanawe, mmoja wa Musoma na mwingine wa Bunda, tulipokezana kumwuguza. Tuliposikia habari za mashine yenye mkanda unaozunguka, ambayo mgonjwa hutembea juu yake papo hapo alipo, tukaanza kuchanga fedha. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akatueleza: humwongezea mwendo na pumzi yule anayeweza kutembea tayari, asiyeweza haimwinui. Basi uwanja ukawa mashine yetu, toka mlangoni hadi mwembeni, nasi tukisimama upande wake uliolegea.

Kosa letu, dada wapendwa, lilikuwa huruma. Tulimshikia hata kikombe. Siku moja alitusukuma kwa mkono wake mzima, akasema, "Niacheni niende chooni mwenyewe." Tukamfuata nyuma, kimya.