Boss, Hii Maji Haijaiva

Kila wiki DM zangu zinajaa maswali matatu. Tangi la matumbawe ni pesa ngapi? Ninunue taa gani? Na Nemo anapatikana wapi Nairobi? Kuhusu maji sijawahi kuulizwa, hata mara moja. Na wasee, maji ndiyo kazi yote. Taa ukikosea utabadilisha. Maji ukikosea utazika.

Kwa wale wageni hapa: niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilitushinda, na siku hizi nakula kwa kutunza matangi ya watu na kurekodi video. Kemia niliyokuwa nakariri usiku wa kuamkia mtihani ndiyo inanilipia nyumba. Mamangu huwaambia watu wa kanisa kwamba "anafanya mambo ya samaki." Wengi wanadhani niko na kibanda cha omena.

Tuanze na mfereji. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini na hutiwa klorini ili sisi tusiugue. Klorini hiyo hiyo inaua bakteria ambao tangi linawategemea. Maji ya visima hapa mjini nayo mara nyingi yana floraidi nyingi. Halafu kuna shaba, inayoweza kutoka kwenye mabomba na vifaa vya maji. Kiasi ambacho wewe huwezi hata kukionja kinatosha kuua kamba na konokono wa tangini, na matumbawe pia. Kwa hivyo natumia maji ya RO, yale ya maduka ya kujaza mitungi mtaani, lakini napima kwanza na kile kimita cha TDS. Kikisoma sifuri au karibu na sifuri, nalipa. Kikisoma 60, namwambia mwenye duka abadilishe filta, kisha mtungi wangu unaenda kwingine.

Kisha chumvi, na hapana, si ile ya jikoni. Ile ni sodiamu kloraidi karibu tupu. Bahari ina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vitu vingine kibao, na matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu kaboneti ambayo yanaitoa majini. Unanunua chumvi maalum ya akwariamu, unalenga gramu 35 kwa lita, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, joto nyuzi 25 au 26. Nairobi Julai bila hita, sahau. Na wewe unayeuliza kama unaweza kubeba mitungi ya maji kutoka Nyali na treni, unaweza, wapo wanaofanya hivyo. Lakini maji ya ufuoni karibu na mji hujui nani amemwaga nini humo.

Maji yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki, inabaki tangini. Unajazia maji yasiyo na chumvi. Hii pekee ningeiandika ukutani.

Sasa nije kwa ile stori ambayo wengine mnaijua nusu. Mwenye hoteli moja hapa mjini aliniita nimtengenezee tangi la lita 400. Siku ya nane akataka samaki waingie kwa sababu Ijumaa alikuwa na wageni. Nikapima mbele yake. Amonia ilikuwepo. Naitriti pia.

Nikamwambia, "Boss, hii maji haijaiva."

"Kijana, si unaona yanang'aa?"

Kweli yalikuwa yanang'aa kama ya chupa. Amonia haina rangi. Samaki anaitoa kwa matamvua yake, chakula kinachooza kinaitoa, na kiasi kidogo tu kinamchoma matamvua hayo hayo anayopumulia. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia. Bakteria hao wanahitaji wiki nne, tano, sita kuzaana na kukaa mawe yote. Huwezi kuwaharakisha kwa sababu una wageni Ijumaa.

Nilikataa kuweka samaki. Akampa mtu mwingine kazi, na balansi yangu, kodi ya miezi miwili, ikaenda nayo. Mabeshte wangu walinicheka. Si ungeweka tu, wafe, umuuzie wengine? Hesabu hiyo naijua, na kusema kweli mwezi ule nilikula ugali na skuma nikiipiga tena na tena. Lakini samaki wengi wa mapambo wa baharini hawazalishwi kwenye matangi. Wanavuliwa mwambani, na wengine wanatoka pwani yetu hii hii, mpiga mbizi na wavu wake mkononi. Kumtoa huko aje afe siku ya tatu kando ya meza ya bufe, hapo mimi simo.

Na kuna kitu hiki kazi imenifanya nikione kila mahali. Mto Nairobi unaingia Athi. Athi inapita Fourteen Falls, ambako mmeona povu kwenye picha, inageuka Galana, kisha Sabaki, halafu inamwaga baharini kaskazini ya Malindi. Mvua ikinyesha bara, udongo wa mashamba yetu unafika huko na bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Matumbawe yana mwani mdogo ndani yake unaoyalisha kwa mwanga wa jua. Maji yakiwa matope, mwanga haufiki. Tangi la hotelini naweza kubadilisha asilimia kumi ya maji kila wiki. Malindi hakuna wa kubadilisha, na sisi ndio tuko juu ya mto.

Tangi langu la kejani leo ni siku ya 31. Amonia sifuri. Naitriti jana bado ilionyesha zambarau kidogo. Samaki hakuna, ni mawe na pampu tu, na landilodi amesema hajawahi kuona mtu analipia stima ya mawe. Ukiniuliza Nemo anapatikana wapi, nitakuuliza vipimo vyako kwanza.