Boriti Tulizozifuata Gazi

Tulivuka Likoni baada ya sala ya alfajiri, tukashika barabara ya kusini kupitia Ukunda hadi Gazi, kijiji cha Kwale kinachoelekea ghuba yenye mikoko. Haja yetu, tukiri mapema, haikuwa matembezi. Boriti tatu za dari ya madrasa zilikuwa zimeoza kwa paa kuvuja, nasi tumekulia katika nyumba ambazo boriti haikuwa na maana nyingine ila mkoko.

Barazani tuliambiwa kwa adabu tukaonane kwanza na akina mama.

Akina mama hao wana kikundi chao, na wana njia ya mbao inayopita juu ya matope katikati ya miti. Mmoja wao alitutangulia, pindo la buibui mkononi, akiitaja miti kama mtu anayetaja jamaa zake: mlilana unaoikabili bahari, mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa, kisha mkandaa na mchu.

"Sheikh, tazama chini," akasema.

Penye kivuli cha mizizi palijaa vijisamaki visivyozidi urefu wa ukucha. Samaki wengi wa vyakula vyetu hulelewa mahali kama hapo wakiwa wachanga, kabla ya kuingia mwambani. Mizizi ikiondoka, mvuvi ndiye anayerudi na dema tupu.

Na iliondoka. Katika miaka ya 1970 sehemu za mikoko ya Gazi zilifyekwa kwa kuni za viwandani, pakabaki uwanda mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa bahari pamoja na wanakijiji walianza kupanda upya. Mbegu ya mkoko huchipua ingali mtini, ikaning'inia kama mkuki; mtu huichomeka matopeni maji yakikupwa, kisha akasubiri miaka.

Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117. Miti hii hufungia kaboni matopeni, na watu wa mbali hulipa ili ibaki imesimama. Tuliposikia hewa inauzwa tuliguna, maana tumesomeshwa kujihadhari na biashara ya gharari. Lakini miti hupimwa, na fedha zake zimeleta maji kijijini na kusaidia shule.

"Nilipoolewa nilikuwa nikipikia kuni za mkoko," mama yule akasema. "Moto wake hauna mfano. Kuziacha, sheikh, hakukuwa kwepesi."

Ndiyo maana wamepanda mivinje, wapate kuni na miti ya kujengea.

Bei ya boriti hatukuiuliza tena. Tulikula wali na samaki wao, tukasali adhuhuri, na jioni tukamwagiza fundi wetu alete mivinje mitatu. Alilalamika kuwa mvinje hauishi kama mkoko. Tukamjibu kwamba ukichoka tutamwita tena.