Jukwaa Lililobomolewa

Mimi ni mtoto wa mtu wa mjengo. Nilipoingia kidato cha kwanza wenzangu waliniuliza baba hufanya kazi gani, nikajibu ati ni mwanakandarasi. Uwongo mtupu! Baba hufunga miti ya jukwaa ili waashi wapande. Nyumba ikiisha, huibomoa akaenda zake, na hakuna amtajaye. Karo yangu huileta vipande vipande.

Muhula uliopita, mwalimu wa Bayolojia alituletea wale nzi wadogo wanaovamia ndizi mbivu. Chini ya hadubini niliona nywele ngumu mgongoni, zimenyooka twaa.

"Nani aliyezinyosha?" mwalimu akauliza. Kimya!

Akatueleza kuwa kila unywele ni seli moja iliyorefuka nzi akiwa bado pupa, kwa muda wa saa 16 hivi. Ndani yake, nyuzi za protini iitwayo aktini hufungwa matita kama kuni, yakajipanga kandokando ya utando wa seli. Protini moja hutangulia kuzikusanya nyuzi, kisha nyingine, fasini, huzikaza barabara. Nzi asiye na fasini nywele zake hujikunja kama zilizobabuliwa na moto. Tena hakuna tita linaloanza likiwa refu. Ni vipande vya maikromita 3 hivi, vinavyoungwa ncha kwa ncha hadi unywele mkubwa ufike maikromita 400. Haba na haba, hujaza kibaba!

"Na matita hayo yako wapi sasa?" nikauliza.

"Hayapo," akasema. "Unywele ukishakomaa, huvunjika kipande kwa kipande yakatoweka. Linalobaki ni ganda gumu la kaitini, lenye vijifereji mahali yalipokuwa."

Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilinikwama. Nilimwona baba akishuka jukwaani jioni, miti begani, nyuma yake ghorofa limesimama wima.

Siku ya wazazi alikuja na viatu vyenye saruji. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimejificha nyuma ya maktaba mpaka akaondoka. Safari hii nilimwendea langoni, nikamshika mkono hadi walipokaa wenzangu.

"Huyu ndiye baba," nikasema. "Hufunga majukwaa."

Baba alinitazama, kisha akaangalia viatu vyake. Akacheka.