Neno, Gunia na Mizani

Wengi wanaojifunza Kiingereza hudhani kuwa neno ni kama nyumba: mtu akiisha kuhesabu nguzo zake na kujua fundi aliyeijenga, basi amekwisha kumjua mwenyeji aishiye ndani. Nimefundisha lugha miaka mingi, na dhana hii huikuta darasani kila mwaka. Ina ukweli, lakini ukweli wake ni mdogo kuliko udhaniwavyo. Soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, hulieleza jambo hili vizuri kuliko kamusi nyingi.

Hapana shaka maneno ya Kiingereza yana kanuni za kuundwa. Kama sisi tupatavyo mchezaji katika kucheza, Waingereza hutia "-er" mwishoni mwa kitendo: "buy" ni kununua, na "buyer" ni mnunuzi. Mwanafunzi akilijua hili hufurahi, akaona amepata ufunguo wa milango yote. Kisha hukutana na "cook", yaani kupika, akakata shauri kwamba "cooker" ni mpishi. Kumbe ni jiko! Mpishi huitwa "cook" vivyo hivyo, bila nyongeza. Kanuni ni ile ile, lakini mazoea ya wasemaji yameamua vingine.

Maneno mengine huundwa kwa kuunganishwa. "Groundnut", yaani karanga, limeungwa kwa "ground", ardhi, na "nut", kokwa yenye ganda gumu. Lakini karanga kwa nasaba ni jamaa ya kunde na maharage. Jina limekosea ukoo wake, na mmea hauna habari. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko Kongwa mradi mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta. Mvua ilikuwa haba, udongo ulikauka ukawa mgumu, mashine ziliharibika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Tangu hapo, kwa Waingereza wengi wa kizazi kile, kutaja karanga katika mambo ya serikali kulikuwa sawa na kutaja fedha ya umma iliyopotea bure. Maana hiyo haikutoka katika ardhi wala katika kokwa. Ilitoka Kongwa.

Tazama pia "grocer". Neno hili lilitoka Ufaransa, na hapo kale lilikuwa jina la mfanyabiashara wa jumla. Uingereza ilimwita hivyo mwuza viungo, na baadaye mwenye duka la rejareja la chai na sukari. Duka lake likaitwa "grocery". Safari haikuishia hapo. Katika miji ya Tanzania, grosari ni mahali pa kunywea bia, na mgeni aingiaye kutafuta unga wa ngano atatoka mikono mitupu. Nimepata kusikia wasomi wakiwalaumu wananchi kwamba wameliharibu neno la watu. Ikiwa kuiacha maana ya kwanza ni kuharibu, basi Waingereza walitangulia, maana walilitoa katika jumla wakalitia katika rejareja.

Mtoto wa mkulima, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kukikuta Kiingereza mlangoni mwa sekondari, anastahili kuambiwa hili mapema. Maneno yale yanayomtisha yalifanywa na watu kama wazazi wake: wakulima, wachuuzi, mafundi na wapishi.

Je, basi kila mtu aweza kulipa neno maana aipendayo? Hasha. Maana ni mapatano, na mapatano huwa ya haki pale ambapo kila upande una sauti. Chukua neno gunia. Hili na "gunny" la Kiingereza ni ndugu, yote mawili wana wa goni, neno la Kihindi. Nasaba hiyo ni nzuri, lakini haisemi gunia lina mahindi kiasi gani. Aghalabu twalihesabu kuwa debe sita, na sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu mazao yafungashwe kupita kilo 100. Hata hivyo wakulima wa nchi hii wanaijua lumbesa: gunia lililojazwa hadi mdomoni, likavikwa kilemba cha mazao juu yake, likashonwa kwa kamba, kisha likalipiwa bei ya gunia moja. Hapo neno limebaki lile lile, ila maana yake imenenepa kwa jasho la mtu mmoja na faida ya mwingine.

Kwa hiyo soko huweka mizani. Kilo nayo ni neno la kigeni, na katika Kigiriki asili yake ni elfu. Mkulima asiyejua Kigiriki hapotezi hata punje moja. Lakini asiyejua gunia lake lina kilo ngapi hupoteza kazi ya masika mazima. Asili ya neno ni elimu njema, nami naifundisha kwa furaha; lakini mwanafunzi akiisha kuijua, na aulize pia ni nani wanaopatana juu ya maana yake leo, na kama yeye mwenyewe yumo katika mapatano hayo.