Mguso Uliodakwa

Mwenye kuzoea kandanda akisikia neno faulo hutafuta mkosaji: nani kapiga mguu, nani kasukuma. Katika besiboli faulo haina mkosaji. Ni mpira ulioguswa na gongo ukatoka nje ya mistari miwili ya uwanja. Mchezo husimama, wakimbiaji hurudi vituoni mwao, na mrushaji hurusha tena. Lakini upo mpira mwingine unaofanana na huo kwa sauti, ambao hukumu yake ni tofauti kabisa. Huo ndio uliozusha mabishano ya siku tatu katika nyumba moja ya Busasamana, wilayani Rubavu, nchini Rwanda.

Busasamana si mahali ambapo mtu angetazamia kusikia habari za besiboli. Ni nchi ya baridi, yenye udongo mweusi wa volkano na mashamba ya viazi, na mlima Nyiragongo, uliolipuka tarehe 22 Mei 2021, uko ng'ambo ya mpaka tu, upande wa Kongo. Vijana wa huko hucheza mpira wa miguu kama vijana wa kila mahali. Mchezo huu mgeni uliingia katika nyumba hiyo kwa njia ya Uganda, ambako umekwisha kutia mizizi. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walipata haki ya kwenda Williamsport, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kushindana na watoto wa dunia nzima, wakakosa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika huko, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano hayo.

Mwenye nyumba ni sajini mstaafu. Mtoto wa dada yake, kijana wa miaka 17, anasoma Uganda na huchezea timu ya shule yake. Likizo iliyopita alirejea na glavu ya ngozi mkononi na kinyongo moyoni, akasema kwamba hatashika gongo tena.

Kisa chake kilikuwa hivi. Ilikuwa zamu ya mwisho, timu yake iko nyuma kwa mkimbio mmoja. Mchezaji wao mmoja alikwisha kutolewa, na mwenzao mwingine alikuwa amesimama kituo cha pili. Kijana mwenyewe alikuwa na straiki mbili, yaani amekwisha kuhesabiwa kukosa mara mbili, na ya tatu ingemtoa. Mrushaji alirusha; mwenzake wa kituo cha pili akachomoka mbio kuelekea cha tatu. Kijana akazungusha gongo. Mlio ukasikika, mwembamba, kama wa kijiti kinachovunjika, na mpira ukapita ukatua katika glavu ya mdakaji aliyechutama nyuma yake. Mwamuzi akapangusa mgongo wa mkono wake wa kushoto kwa vidole vya mkono wa kulia, kisha akakunja ngumi: straiki ya tatu, nje!

Kijana akapiga kelele, "Faulo! Faulo! Rudi!" Mwenzake, ambaye alikuwa amebakisha hatua chache, akageuka akarudi kwa kutembea, kama mtu aliyeambiwa kwamba hakuna haraka. Mdakaji akautupa mpira kituo cha pili, mlinzi akamgusa nao kabla hajafika, na mchezo ukaisha. Kijana alikataa kumpa mwamuzi mkono. Mwalimu wao akamwambia kwamba harudi kikosini mpaka amwombe mwamuzi radhi mbele ya wenzake wote.

"Mjomba, niliugusa," alisema kila alipoulizwa. "Uwanja mzima ulisikia."

Sajini alimwunga mkono tangu mwanzo, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Aliyegusa hakukosa, alisema. Kumhesabia mtu kukosa ilhali gongo lake limeufikia mpira ni kumnyima haki yake. Kwa siku mbili nyumba nzima ilikubaliana kwamba mwamuzi yule alikuwa ama kiziwi ama ana upendeleo.

Mke wa sajini, aliyekuwa akichagua viazi vya mbegu mlangoni, ndiye aliyeuliza swali lililokuwa halijaulizwa.

"Baada ya kuuguza, mwanangu, ulikwenda wapi?"

"Kwenye glavu ya mdakaji, Mama."

"Ukaanguka?"

"Haukuanguka."

Usiku huo waliitafuta sheria katika simu, wakaisoma neno kwa neno. Mpira ulioguswa na gongo, ukaenda kwa kasi na moja kwa moja hadi kwa mdakaji, naye akaudaka kihalali, si faulo. Ni mguso uliodakwa. Huhesabiwa straiki, hata ikiwa ni ya tatu, na mpira unabaki hai. Usipodakwa, ukadondoka vumbini, hapo ndipo unapokuwa faulo: mchezo unasimama, na mwenye straiki mbili haongezewi ya tatu, isipokuwa kama alikuwa akiuzuia mpira kwa gongo bila kulizungusha. Na mpira ukipaa juu kisha ukadakwa, hilo ni jambo jingine kabisa. Mpigaji hutoka papo hapo, hata kama hakuwa na straiki yoyote.

Sajini hakukubali upesi. Iweje mkono wa mtu wa tatu uamue kama mpigaji amekosa au la? Swali hili ni zuri kuliko linavyoonekana. Jibu lake liko katika kazi ya huyo mtu wa tatu. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwenye bamba la mpigaji. Mdakaji huchutama nyuma ya bamba hilo mchezo mzima, amevaa kinyago cha chuma na ngao ya kifua, na gongo linapita mbele ya macho yake. Mpira ukiguswa kidogo hubadili njia kwa namna ambayo jicho haliwahi kuifuata, na mara nyingi ukidakwa ni kwa sababu glavu ilikuwa pale tayari. Sheria haiulizi kama ilikuwa bahati. Inampa mdakaji malipo ya kutoutupa. Dennis Kasumba wa Uganda, aliyejulikana duniani kwa picha za mazoezi aliyofanya kwa zana za kujitengenezea, ni mdakaji. Mwaka 2023 alikwenda Marekani kuchezea timu ya Frederick Keys. Sajini alitazama picha hizo mara mbili bila kusema neno, kisha akauliza magoti ya kijana huyo yametengenezwa kwa nini.

Ilibaki hoja ya ushahidi. Mguso mdogo hivi huonekana kwa shida, shahidi mkuu ni sikio, na sikio huweza kudanganywa. Inasimuliwa kwamba Connie Mack, aliyekuwa mdakaji katika karne ya 19 kabla ya kuiongoza Philadelphia Athletics kwa miaka 50, alikuwa na ujuzi wa kuuiga mlio huo nyuma ya mpigaji, wakati ambapo sheria ilikuwa ikimtoa mpigaji moja kwa moja kwa mguso uliodakwa. Sheria hiyo kali iliondolewa baadaye.

Lakini katika kesi ya kijana wa Busasamana ushahidi haukuwa na ubishi, na hapo ndipo alipoinua kichwa. Ile ishara ya kupangusa mgongo wa mkono, ambayo yeye aliidhania dhihaka, ndiyo ishara ya waamuzi ya kutangaza kwamba gongo limegusa mpira nao umedakwa. Mwamuzi alikuwa amekubali kila neno alilokuwa akipigia kelele. Na hata kama asingeugusa kabisa, ingalikuwa straiki vilevile.

"Na yule mwenzako," mke wa sajini akauliza, "nani alimwambia arudi?"

Kijana hakujibu. Mpira ulikuwa hai. Mwenzake angaliweza kuingia kituo cha tatu, na timu ingalibakiwa na mpigaji mmoja wa kujaribu. Tangu siku ile, shuleni, mwenzake ndiye aliyekuwa akiitwa msahaulifu aliyetembea uwanjani wakati wa vita. Kijana alikuwa amewasikia wakimwita hivyo, akacheka pamoja nao.

Asubuhi alimwomba mjomba wake pesa za salio la simu. Sajini alimpa za simu mbili, akamwuliza ataanza na mwalimu au na mwamuzi. Kijana akasema kwamba ataanza na mwenzake wa kituo cha pili, akatoka nje kuelekea ukuta wa mawe ya volkano, ambako mtandao hushika vizuri zaidi.