Mathe Naye Atalala Lini?

Wasee, leo sina vichekesho. Leo naongea juu ya mathe wangu.

Shosho alipata kiharusi miaka 3 iliyopita. Tangu hapo mathe hajawahi lala usiku mzima. Mgonjwa wa kitandani anageuzwa kila masaa 2, la sivyo atatokwa na vidonda mgongoni. Hiyo ni mara 12 kwa siku. Kila siku.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nikawa niko tu nyumbani narekodi video. Na bado niliona hiyo ni kazi ya mathe. Mpaka siku nilimpata jikoni amelala akiwa amekalia ndoo, uji unaungua.

Nikamwambia aende kwa dada yake Nakuru siku 4. Akawaka. "Unataka watu waseme nimemtupa mama yangu?"

Nikamuuliza, "Na wewe ukianguka, nitageuza wangapi?"

Akanyamaza.

Nilichukua pesa nilikuwa naweka ya maikrofoni, nikatafuta mama mmoja wa mtaa wetu ambaye ashawahi kulea wagonjwa. Alikuja siku 2 kabla mathe hajasafiri, ndio shosho amzoee. Mathe akatuandikia karatasi, tukaibandika ukutani: dawa ya presha, saa ngapi. Mkalishe wima kabla ya kumlisha, ndio chakula kisimpalie. Namba ya daktari. Mchana wa yule mama, usiku wangu.

Usiku wa kwanza nilifika kwa nepi nikakwama. Shosho akageuza uso ukutani. Tangu nikiwa mdogo yeye huniita bwana yake, ule utani wa nyanya na mjukuu. Nikamwambia, "Bwana yako amefika, na hajui kazi." Akacheka na upande mmoja wa mdomo. Tukaendelea.

Mathe alipiga simu mara 9 siku ya kwanza. Siku ya tatu hakupiga. Nikaogopa, nikampigia mimi. Shangazi akasema, "Amelala. Muache."

Aliporudi hakusalimia mtu. Alienda moja kwa moja akakagua mgongo wa shosho. Hakuna kidonda. Akakaa kitandani, akasema, "Basi mwezi ujao nitaenda tena."

Kama kwenu kuna mtu analea mgonjwa, usimuulize kama amechoka. Atakudanganya. Muulize anaondoka siku gani, halafu ujifunze kazi yake kabla hiyo siku ifike.