Anapiga Wimbo Gani?

Leo sikuleteeni kisa cha fisi na sungura, wala cha msichana aliyeponzwa na tamaa. Nawaomba tufunge safari hadi Misri ya kale, tena bila nauli wala pasipoti, maana hata mimi mwenyewe sijafika. Niliyoyaona niliyaona katika kitabu kikubwa cha picha kilichomo maktabani mwetu, kile kizito ambacho wengi wetu hukitumia kunyoosha karatasi zilizokunjamana.

Nilikuwa nikitafuta piramidi kwa ajili ya somo la Historia. Nikafunua ukurasa, lo! Nikakutana na mtu anapiga kinubi. Alichongwa katika hekalu dogo la mawe mekundu ambalo Malkia Hatshepsut alilijenga huko Karnak takriban miaka 3,500 iliyopita. Wamo pia wanawake wenye sistra mikononi, na wachezaji waliojipinda kinyumenyume mpaka nywele zao zinaning'inia. Piramidi nikazisahau papo hapo.

Sistra ni kama kayamba ya madini. Ina kipini, na juu ya kipini pana upinde uliopenyezwa vijiti. Ukiitikisa, vijiti vinalia chakacha-chakacha. Ilikuwa mali ya Hathor, mungu wa kike aliyesemekana kupenda muziki kupita miungu wote. Katika hekalu lake kule Dendera, nguzo zenyewe zimechongwa kwa umbo la sistra, kana kwamba jengo zima lingeweza kutikiswa likalia! Na msidhani chombo hicho kimekufa. Waumini wa Kanisa la Kiothodoksi la Ethiopia wangali wanakitikisa ibadani hadi leo.

Lakini ukuta ulioniteka hasa ni wa Luxor. Hapo pamechongwa sikukuu ya Opet, wakati sanamu za miungu zilipotolewa Karnak na kupelekwa Luxor, mwendo wa karibu kilomita tatu. Kazi hiyo ilifanywa enzi za Tutankhamun, yule mfalme kijana. Utaona mpiga ngoma, mpiga tarumbeta, askari, wanawake na sistra zao, na watu wanaopiga makofi. Ni shangwe tupu. Baadaye alikuja mfalme Horemheb, akaamuru jina la Tutankhamun lifutwe na lake liandikwe mahali pake. Jina la mfalme likabanduliwa, ila mpiga ngoma hakuguswa. Yupo palepale na ngoma yake. Hapo nilicheka peke yangu hadi mwalimu wa maktaba akanikazia macho.

Kicheko hicho hakikudumu, kwani nilipozidi kutazama nikaanza kuona kasoro. Vidole vya mpiga kinubi vinaonekana, nyuzi zinaonekana, ila sauti haipo. Wamisri, si mnajua, walikuwa watu wa kuandika. Waliandika hesabu za nafaka, za mifugo, hata za mikate na pombe. Ila mafarao hao hawakutuachia noti za muziki. Maneno ya nyimbo kadhaa tunayo, tyuni hatuna. Hata kuhesabu nyuzi katika picha si jambo la kutegemea, maana mchongaji alikuwa mchongaji tu, si fundi wa vinubi.

Mwanga mmoja upo. Kaburi la Tutankhamun lilipogunduliwa mwaka 1922, mlikuwa na tarumbeta mbili, moja ya fedha na nyingine ya shaba. Mwaka 1939 mwanajeshi mmoja Mwingereza alizipuliza, na redio ya BBC ikaitangazia dunia mlio wake. Fikirini! Tarumbeta za mfalme yuleyule wa ukuta wa Luxor. Lakini mwanajeshi alipuliza aliyoyajua yeye. Chombo kilikuwa cha farao, tyuni ya kizungu.

Sasa mtaniuliza, ndugu mwandishi, haya yakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu ya babu yangu, ambaye kwetu twamwita Kuka. Kuka ni mpiga litungu, kinanda chetu Wabukusu cha nyuzi saba. Kitabu kile kina picha nyingine, ya kaburini huko Beni Hasan, iliyochorwa takriban mwaka 1890 KK. Wageni kutoka Asia wanaingia Misri na punda wao, na mmoja wao anapiga kinanda chenye mikono miwili na kijiti cha kuiunganisha juu. Ni cha ukoo mmoja na litungu. Likizo ya Agosti nilimsihi mwalimu wa maktaba, akaniruhusu kwenda na kitabu nyumbani.

Kuka alivaa miwani, akazitazama picha kwa muda mrefu. Wazee wetu husimulia kwamba tulitoka Misri. Mwalimu wa Historia akiyasikia hayo hutabasamu tu, na mimi sitaki ugomvi naye. Kuka yeye hakuwa na shaka.

"Hawa ni watu wetu," akasema. Kisha akaweka kidole juu ya yule mpiga kinubi wa Karnak. "Huyu anapiga wimbo gani?"

"Haijulikani, Kuka."

"Haijulikani vipi, mjukuu wangu, na mkono huu hapa?"

Sikuwa na jibu. Nilitazama ukutani, mahali picha yake ilipotundikwa: Kuka kijana, kofia kichwani, litungu mkononi, vidole juu ya nyuzi. Ni picha nzuri sana. Litungu lenyewe lilikuwa pembeni, vumbi tele, maana vidole vyake siku hizi vimevimba, na mimi, mjukuu ninayejidai kupenda Kiswahili na utamaduni, sikuwahi kujifunza wimbo hata mmoja.

Nikaomba simu ya mama. Kuka alikataa siku ya kwanza, akasema nyuzi zimelegea. Siku ya pili alizikaza mwenyewe, polepole, akilalamika. Tukanasa wimbo wa kwanza wote, na wa pili wote. Wa tatu ulikuwa wa marehemu baba yake. Alifika katikati, vidole vikasimama, akaangalia dari.

"Ngoja," akasema. "Utarudi tu."

Nilingoja, simu ikiendelea kunasa. Ukisikiliza hapo utasikia kuku, na mama akiita kutoka jikoni, na Kuka akiguna tyuni chini chini, akiitafuta.